Wazee Wetu na Kisu cha Mganga

Hapa Ngungu mtu mwenye mvi akianza kuumwa, jamaa husema, "Ni uzee tu, mwacheni apumzike." Neno hilo laonekana kuwa la heshima, lakini mara nyingi maana yake ni kumwacha mzazi ateseke. Uzee si ugonjwa. Ngiri ni ugonjwa, na mtoto wa jicho vilevile, nayo hutibiwa kwa kisu cha mganga mpasuaji.

Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi ya jicho. Mganga huitoa na kuweka nyingine ndogo mahali pake, mgonjwa akiwa macho, jicho tu limetiwa ganzi. Matone ya majani hayaondoi ukungu huo, tena yaweza kuharibu jicho lote. Kwa wanaume, tezi iliyo chini ya kibofu hukua hata kuziba mkojo. Mama mzee akiteleza matopeni na kuvunja mfupa wa paja, hulala tu, vidonda vikamwingia mgongoni. Na ngiri iliyobebwa miaka 20 yaweza kujifunga siku moja, utumbo ukafa kwa saa chache. Kutoka kwetu milimani mpaka Kirotshe kwa tipoyi, katika mvua, saa hizo hazitoshi! Heri ipasuliwe mapema, mzee angali na nguvu na njia ni kavu.

"Atafia mezani," mwasema. Mganga hahesabu miaka peke yake. Hupima moyo, damu na sukari. Pengine atakataa, nasi tutakubali. Lakini akatae yeye, si sisi tuliokaa nyumbani.

Wengine husema Kongo ni nchi ya vijana, wapasuaji wawe wa akina mama walioshindwa kuzaa na wa watu wenye risasi. Kweli, kati ya watu 100 wa Kongo, kama 3 tu wamepita miaka 65. Lakini watoto waliookolewa na chanjo ya surua watazeeka. Duniani pote watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama 1,000,000,000 mwaka 2020; Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba watapita 2,000,000,000 mwaka 2050, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Na mwaka 2015 wataalamu walisema watu 5,000,000,000 hawapati upasuaji ulio salama wanapouhitaji.

Mpasuaji hafundishwi upesi. Akiisha kuwa mganga, hukaa tena kama miaka 5 chini ya mwalimu. Basi yule tutakayemhitaji mwaka 2040 yuko shuleni sasa, labda hapa hapa kwetu. Tangu mwaka 1996 chama cha PAACS kinawafundisha wapasuaji Waafrika katika hospitali za misheni. Mimi naona ni afadhali mabati ya kanisa yangoje mwaka mmoja, tumlipie kijana mmoja karo. Bwana Yesu aliwakemea waliotoa sadaka hekaluni huku wakiwanyima wazazi wao; someni Marko 7.

Mkimleta mzee, leteni pia dawa zote anazokunywa, hata za miti, wala msizifiche. Na mtoto wake mmoja abaki naye, amgeuze kitandani, na mganga akiruhusu, amshike mkono atembee kidogo.