Wanazuoni na makala wasizozisoma

Ipo makala moja ya kitaaluma iliyonukuliwa karibu mara 400 katika maandiko ya watafiti, ilhali haijapata kuandikwa wala kuchapishwa.

Makala hiyo ilibuniwa katika mwongozo wa kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, kama mfano tu wa namna ya kupanga marejeo. Iliwekewa majina ya waandishi, mwaka 2000, hata jina la jarida ambalo nalo halikuwapo. Mwaka 2017 Profesa Anne-Wil Harzing wa London, akishirikiana na Pieter Kroonenberg wa Uholanzi, alieleza jinsi mfano huo ulivyogeuka kuwa rejeo. Yaelekea waandishi wengi walisahau kuufuta katika kiolezo walichoandikia kazi zao.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kinaonesha kuwa orodha ndefu ya marejeo si ushahidi wa kusoma. Waandishi walipitiwa, na wahariri waliopokea kazi hizo nao hawakugundua kitu.

Kwa mwanafunzi wa uzamili wa Dar es Salaam au Nairobi, hata hivyo, kunukuu asichokisoma mara nyingi hakutokani na uvivu. Huiona makala aitakayo kwenye intaneti, akasoma ikisiri yake, kisha akakuta lango la malipo. Nakala ya makala moja huweza kugharimu dola 30 au zaidi. Iwapo chuo chake hakijalipia jarida hilo, hubaki na ikisiri peke yake, au na maelezo ya mtu mwingine aliyeisoma makala yenyewe. Tasnifu ikifika kwa msimamizi, rejeo huonekana kana kwamba limetoka kwenye chanzo.

Ubaya wake ni kwamba ikisiri hutaja matokeo bila mipaka yake. Idadi ya waliohojiwa, mahali walipotoka na shaka za mtafiti mwenyewe, yote hayo hubaki ndani ya makala. Hivyo utafiti uliofanyika kwa watu wachache katika mji mmoja huweza kunukuliwa kana kwamba unazungumzia Afrika nzima.

Gharama hizi haziwasumbui maskini pekee. Mwaka 2012 baraza la ushauri la wahadhiri wa Harvard lililalamika kuwa bei za majarida zimekuwa mzigo usiobebeka.

Juhudi za kufungua malango hayo zilianza zamani. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua programu ya HINARI, inayoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada nafuu. Mwezi uliofuata lilitolewa Azimio la Budapest, lililotaka matokeo ya utafiti yasomwe na yeyote bila malipo.

Lakini msaada una mwenyewe. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliifungia Bangladesh majarida yaliyokuwa yakipatikana kupitia HINARI, na baada ya malalamiko ya wanasayansi wakayafungua tena. Ilidhihirika kuwa maktaba ya taifa zima inaweza kufungwa kwa uamuzi wa ofisi iliyoko ng'ambo.

Nao mfumo huria umehamishia gharama upande wa pili. Msomaji hasomi tena kwa malipo, bali mwandishi ndiye anayelipa. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja itakayokuwa wazi kwa wote. Wachapishaji wengi hutoa msamaha kwa watafiti wa nchi maskini, lakini msamaha huo huombwa, na nchi ikipanda daraja la kipato huweza kugeuka kuwa punguzo tu.

Njia halali zilizobaki ni nyingi kuliko wanavyodhani wanafunzi. Waandishi wengi humtumia nakala anayewaandikia barua pepe kuomba, na vyuo vingi huhifadhi rasimu za wahadhiri wao katika hazina za mtandaoni. Hapo pana mtego: namba za kurasa za rasimu hazilingani na za jarida, na huenda maneno yakawa yamebadilishwa. Anayenukuu hana budi kutaja toleo alilolisoma. Namba ya utambulisho ya kudumu, yaani DOI, iliyoanza kutumika mwaka 2000, husaidia anwani ya tovuti inapobadilika. Lakini namba hiyo humfikisha msomaji mlangoni tu, haimfungulii.

Kwa wanaochunguza Kiswahili hali ina nafuu kidogo. Swahili Forum, linalotoka Ujerumani, husomwa bure mtandaoni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeweka majarida ya Kiswahili na Kioo cha Lugha kwenye tovuti yake. Inashangaza, basi, kuona tasnifu ya ushairi wa Kiswahili ikisheheni ikisiri za majarida ya Ulaya yaliyofungwa, huku makala zilizo wazi za wahadhiri wa hapa nchini zikiachwa. Sehemu ya sababu ni mazoea ya vyuo vyenyewe, ambavyo wakati wa kupandisha vyeo huuliza kwanza iwapo jarida linajulikana ng'ambo. Mhadhiri aliyepandishwa kwa kipimo hicho ndiye kesho msimamizi wa tasnifu.