Kitoweo cha Mbwa si Jambo Dogo

Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, mbwa hulishwa baada ya watu wote kushiba. Ukoko wa ugali hukorogwa katika mchuzi uliobaki, mifupa miwili mitatu hutupwa juu yake, na shughuli huwa imekwisha. Siku mbuzi anapochinjwa, mapafu na maini yenye kasoro hurushiwa mbwa yakiwa mabichi, naye huonekana kuwa amefanyiwa karamu. Mijini, kwa upande mwingine, yako maduka yanayouza unga na mikebe ya vitu vya kutiwa juu ya chakula cha mbwa, kwa ahadi kwamba vitalinda tumbo lake. Mwenye mbwa wa kijijini hufuata mazoea, na wa mjini hufuata tangazo. Wote wawili hawajauliza swali ambalo sayansi hulitanguliza: kitoweo hiki kinakwenda kufanya kazi gani, tena juu ya chakula gani?

Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kufahamu kwanza jinsi tumbo la mbwa linavyofanya kazi. Maarifa mengi ya elimu hii yalitokana na mbwa wenyewe, kwani ni kwa kuwachunguza mbwa kwamba Ivan Pavlov wa Urusi alieleza kazi ya tezi za mmeng'enyo, akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1904. Mate ya mbwa hayana kiasi cha maana cha kimeng'enya cha kuvunja wanga. Kazi hiyo hufanywa hasa na kongosho, chakula kifikapo katika utumbo mwembamba. Hata hivyo, si kweli kwamba mbwa ni mla nyama tu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini, ambao ni jamaa wa karibu wa mbwa wa nyumbani, wana nakala 2 tu za jeni ya kimeng'enya hicho, ilhali mbwa wa nyumbani wana nakala kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima yamempa mbwa uwezo wa kula wanga. Kwa hiyo ugali si sumu kwake.

Lakini chakula kisicho sumu si lazima kiwe kinatosha. Unga wa mahindi una protini ipatayo asilimia 8. Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa chakula cha mbwa nchini Marekani vinataka protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu kwa mbwa mzima, na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa ambayo matangazo hayaielezi. Mbwa anayelishwa chakula kamili cha dukani tayari anapata mahitaji yake yote. Kwake yeye kitoweo ni nyongeza tu, na madaktari wa mifugo hushauri kwamba nyongeza zote kwa jumla zisizidi sehemu 1 ya 10 ya nguvu anayoipata kwa siku, zisije zikaharibu uwiano wa chakula. Mbwa wa ugali yuko katika hali nyingine kabisa. Kwake kitoweo si nakshi, bali ndicho chakula chenyewe, na akipewa kijiko kimoja kwa kufuata ushauri uliokusudiwa mbwa wa kwanza, atabaki na njaa ya protini huku tumbo limejaa.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa hesabu nyepesi. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi wana protini ipatayo nusu ya uzito wao. Ukichanganya sehemu 3 za unga na sehemu 1 ya dagaa, jumla ya protini ni 24 na 50, yaani 74. Ukigawanya kwa 4 unapata asilimia 18.5, kiwango kinachomtosha mbwa mzima. Zaidi ya hayo, dagaa huliwa pamoja na mifupa yao laini, ambayo ina madini ya chokaa. Hesabu hii haimalizi mambo yote ya lishe, lakini inatosha kuonyesha kwamba kitu cha sokoni kikipimwa kwa akili chaweza kufanya kazi ambayo mkebe wa bei kubwa umeahidi tu.

Vipo pia vitoweo vinavyousaidia utumbo kwa njia nyingine. Boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari lina nyuzinyuzi. Baadhi yake huvuta maji na kuupa uchafu umbo zuri, na nyingine huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, wakatoa asidi ambazo ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Kiasi kidogo hutosha. Kikizidi, mbwa huharisha. Maziwa mabichi huwasumbua mbwa wengi wazima kwa sababu uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua baada ya kuachishwa kunyonya. Mtindi huwasumbua kidogo zaidi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Kitoweo chochote kipya kianzishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili bakteria wa tumboni wapate kukizoea.

Kinyume chake, mchuzi wa nyumbani, ambao ndio kitoweo cha kawaida kuliko vyote, una hatari. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mafuta mengi yaweza kulifanya kongosho livimbe. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Wala hakuna kitoweo kinachoweza kusitiri unga ulioota ukungu, kwani sumu ya aflatoksini haimalizwi na moto wa jikoni. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 kati ya wagonjwa 317 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mbwa nao huathirika nayo vibaya.

Lakini hatari kuu imo katika ile karamu ya siku ya kuchinja. Yuko tegu mdogo, Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye katika utumbo mwembamba wa mbwa. Mbwa mwenyewe aghalabu haonyeshi dalili yoyote. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, yakaangukia majani na maji, au yakanata katika manyoya. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akiyameza, hupata vivimbe vyenye maji katika ini na mapafu. Mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa hupatwa na mambo yayo hayo. Kivimbe hukua polepole kwa miaka mingi, na mara nyingi mgonjwa huhitaji kupasuliwa. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko kampeni ya kuudhibiti ugonjwa huo. Mzunguko mzima hutegemea tendo moja: mbwa kula viungo vibichi vyenye vivimbe.

Dawa ya prazikwanteli humtoa mbwa tegu huyo, lakini haimzuii kuambukizwa tena kesho. Maini na mapafu yakichemshwa kwa nusu saa kamili, viini vya tegu hufa, na kilichokuwa chanzo cha maradhi hugeuka kuwa kitoweo chema chenye protini. Yasipoweza kuchemshwa, yachomwe au yafukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hataweza kulifukua.

Kuna watakaosema kwamba, watu wenyewe wanapotafuta kitoweo kwa shida, ni anasa kuzungumzia kitoweo cha mbwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba sufuria ya mbwa na afya ya mtoto wa nyumba ile ile havitengani. Historia ya Iceland yafundisha. Katika karne ya 19 ugonjwa huu ulikuwa umeenea mno kisiwani humo. Mwaka 1864 kijitabu cha Harald Krabbe, mwanasayansi wa Denmark, kiligawiwa majumbani kueleza uhusiano wa mbwa, kondoo na mtu. Wakati huo prazikwanteli haikuwapo. Watu walielewa, wakabadili desturi, sheria zikafuata, na hatimaye ugonjwa ukatoweka.

Kazi iliyofanywa na kijitabu kile yaweza kufanywa na shule za sekondari. Somo la minyoo lisiishie katika kuchora tegu ubaoni. Mwalimu awapeleke wanafunzi machinjioni, bwana nyama awaonyeshe ini lenye vivimbe, kisha kila mmoja arudi nyumbani akaangalie mbwa wao anatiliwa nini juu ya ugali. Mwanafunzi atakayeiteka sufuria motoni kabla ya mbwa kulishwa atakuwa amelielewa somo hilo kuliko aliyelikariri.