Tundu Kubwa Halirushi Mshipi Mbali

Muuzaji mmoja wa zana za uvuvi hapa Houston alimwambia kijana wa kwetu, nikiwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni, kwamba fimbo yenye pete ndogo ni pambo la wenye pesa. "Humo mshipi unakabwa," alisema. "Ukitaka kutupa mbali, tafuta matundu makubwa." Akairudisha ile fimbo nyepesi rafuni, akamkabidhi nyingine iliyojaa mapete ya chuma kuanzia karibu na mpini hadi nchani. Kijana akalipa, akashukuru. Mimi nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo haijaisha, kwa sababu maneno yale si ya muuzaji yule peke yake. Nimeyasikia gatini Galveston. Nimeyasikia Naivasha kwa wazee walionifundisha kuvua. Yanarudiwa na watu wazima wenye akili timamu ambao hawajawahi kukaa chini wakajiuliza: huo mshipi wenyewe una unene gani?

Tuanzie hapo basi. Mshipi wa kusokotwa wa ratili 20 una unene wa robo ya milimita, tena pungufu kidogo. Nailoni ya ratili 12 hufika theluthi hivi ya milimita. Pete namba 4, ile inayotiliwa shaka kuliko zote, ina duara la kauri lenye kipenyo cha nje cha milimita 4 hivi, na tundu lake linazidi milimita 2. Panga mishipi minane ya kusokotwa ubavu kwa ubavu, yote itapita humo kwa pamoja. Nani anakabwa? Wanaovua kwa nzi bandia wanatumia mshipi mnene kuliko huu wetu mara kadhaa, nao wameupitisha kwenye vipete vya waya vidogo tangu enzi za fito za mianzi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mshipi wao hauna pumzi.

Kwa asiyeijua kazi hii: pete hufungwa kwenye ufito, yaani mwili mtupu wa fimbo, kwa uzi unaozungushwa juu ya miguu yake, kisha uzi hupakwa epoksi. Fimbo ya dukani ya zamani, ile yenye rili ya spini inayoning'inia chini ya mpini, ilianza na pete namba 25 au 30 na kumalizia namba 8. Mafundi wa fimbo za kuagiza hapa Marekani ndio walioanza kuzipunguza, wakashuka hadi 6, 5, 4, na wengine hadi 3, wakati viwanda bado vinawacheka. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 viwanda vile vile vikaanza kuuza fimbo zenye vipete hivyo kana kwamba ni uvumbuzi wao. Yaliyowezesha jambo hili yanajulikana. Kampuni ya Fuji ya Japani ilileta duara la silikoni kabaidi, kauri ngumu na laini inayopoteza joto haraka, kwa hiyo mshipi haukwaruzwi hata ukipita kwa kasi. Halafu katika miaka ya 1990 mishipi ya kusokotwa ikaenea, myembamba na laini, isiyokumbuka umbo la bobini kama nailoni ngumu ya zamani. Mapete makubwa yalikuwa dawa ya nailoni ile. Nailoni imeondoka mikononi mwa wengi wetu, dawa yake tunaendelea kuinywa.

Lakini kiini cha hoja yangu si unene wa mshipi. Ni uzito wa ncha. Nitalisema hili mpaka linichoshe mimi kabla halijamchosha msomaji.

Shika jembe karibu na chuma chake, ulitikise kushoto na kulia. Ni jepesi. Sasa lishike mwisho wa mpini, ulitikise vile vile. Uzito wa jembe haujabadilika hata kidogo, lakini mkono unalia. Wanafizikia wameshaipima kanuni hiyo: ugumu wa kukigeuza kitu huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka mahali unapokishika. Chukua fimbo ya futi 7. Gramu moja iliyo sentimita 50 kutoka mkononi ina mzigo wake. Isogeze gramu hiyo hiyo mpaka mita 2, karibu na ncha, umbali umekuwa mara nne na mzigo umekuwa mara kumi na sita. Mara kumi na sita, kwa gramu moja! Na pale nchani ndipo viwanda vilipozoea kubandika mapete ya miguu miwili, kila mguu na uzi wake, kila uzi na tabaka lake nene la epoksi. Unanunua ufito wa kaboni kwa bei ya mbuzi wawili, unaambiwa ni mwepesi kama nini, kisha unaufungia chuma mahali pabaya kuliko pote.

Nini hutokea ukitupa? Ufito unapinda, unajinyoosha, chambo kinaondoka. Ncha nyepesi ikishanyooka inatulia. Ncha nzito inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, na wakati huo mshipi unapita ndani ya kitu kinachotikisika, unapigwa huku na huku, unapoteza mwendo. Umbali wako unapotelea hapo. Tundu halikuhusika kabisa. Anayelalamika kwamba mshipi wake unagongagonga ufito anaongeza ukubwa wa pete, yaani anaongeza uzito wa ncha, yaani anaongeza mtikisiko, yaani anaongeza kugongagonga. Nimewaona wakifanya hivyo mara mbili mfululizo kwa fimbo moja.

Asiyeniamini achukue senti moja ya Marekani. Ina gramu 2.5. Aibandike kwa utepe kwenye ncha ya fimbo anayoipenda, kisha atupe. Hatahitaji kuambiwa na mtu. Wala senti sikuichagua ovyo: mwaka 2003 Bill Hanneman alitoa njia ya kupima nguvu ya ufito kwa kuning'iniza mfuko wa senti nchani mpaka ufito ushuke kwa theluthi moja ya urefu wake, akazihesabu hizo senti. Tangu hapo yeyote mwenye mfuko na sarafu anaweza kulinganisha fito mbili bila kumsikiliza muuzaji. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na duka lile linauza fimbo kwa kupunga hewani na kusema "nzuri hii".

Halafu kuna kusikia. Mvuvi wa besi anavuta chambo cha plastiki juu ya matope, samaki anakinyonya bila kishindo, na habari hiyo inapanda mshipi, inafika nchani, inashuka ufito hadi kiganjani. Mtetemo mdogo kama huo hauwezi kuitingisha ncha iliyobebeshwa chuma. Ndiyo maana mtu anarudi ufukweni akisema leo samaki hawakula. Walikula, ndugu yangu. Ncha yako haikukuambia.

Kuhusu rili ya spini, najua kuna atakayesema kwamba mshipi hutoka kwenye bobini kwa mizingo mikubwa, kwa hiyo lazima pete ziwe kubwa. Mizingo ni kweli. Ila inatulizwa na pete mbili tatu za mwanzo, zenye shingo ndefu, na baada ya hapo mshipi umenyooka. Mpangilio unaotumika sana siku hizi wa Fuji ni namba 20, kisha 10, kisha 5.5, halafu 4, 4, 4 hadi mwisho. Ndogo zinakaa kule mbele tu. Kuendelea na pete kubwa baada ya mshipi kunyooka ni kuuruhusu uanze tena kucheza.

Hoja ambayo watu hawa wanaipenda kupita zote ni barafu. Wanasema kwenye baridi kali maji yanaganda ndani ya tundu dogo na mshipi unakwama. Nimeambiwa hivyo na mwanamume aliyevaa kaptura, mwezi wa Agosti, kando ya ziwa la Texas ambalo maji yake ya juu yana joto la kuogea mtoto. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alivua kwenye barafu. Hajawahi! Anaikataa fimbo kwa sababu ya balaa la Minnesota, na yeye anatoka jasho. Wa Minnesota waendelee na matundu yao makubwa msimu wa barafu, wana haki. Mkazi wa Houston akinitajia barafu, najua hana hoja nyingine mfukoni.

Na fundo? Wanasema fundo la kuungia kipande cha florokaboni mbele ya mshipi halipiti. Linapita likifungwa vizuri. Fundo la FG linauzungusha mshipi wa kusokotwa juu ya florokaboni bila kufanya nundu. Linahitaji dakika chache na mikono isiyo na haraka. Mtu anayefunga fundo la ukubwa wa punje ya mtama asiilaumu pete.

Hapa kuna jambo jingine linaloniudhi, na nitalisema ingawa halikuombwa. Wateja wanaokataa pete ndogo kwa madai kwamba hazitadumu ndio hao hao wanaoniomba niwazungushie ufito nakshi za nyuzi za rangi tano, nibandike manyoya ya ndege, niandike majina ya watoto wao, kisha nimwage epoksi juu ya yote hayo. Kudumu kumesahaulika. Pete ya mguu mmoja ikifungwa kwa mfungo wa Forhan, ule ambao uzi unazungushwa pia mbele ya pete ukaibana isichomoke, haitoki. Nimezivuta kwa koleo. Manyoya hayajawahi kumvua samaki mtu yeyote, lakini yanalipiwa bila swali.

Na niseme pia kuhusu vipimo, kwa kuwa fundi yeyote mpya atateseka navyo. Namba ya duara ni ya milimita. Lakini ukinunua kipete cha ncha kwa muuzaji wa hapa, kile kinachovikwa kwenye mwisho wa ufito, mrija wake unapimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Kitu kimoja kidogo kuliko ukucha kina mifumo miwili ya vipimo, na duka halikuelezi. Vijana wanaagiza, hakiingii, wanaagiza tena, nauli ya posta inazidi bei ya kitu. Halafu tunashangaa kwa nini kijana anakata tamaa na kununua fimbo ya kiwandani iliyofungwa hovyo.

Sisemi kila fimbo iwe na vipete. Fimbo za nduwaro za Malindi na Watamu zina magurudumu badala ya pete, na zinastahili, kwa sababu kule mshipi unavutwa kwa nguvu inayoweza kumtoa mtu kwenye kiti, na chambo hakitupwi, kinaburutwa nyuma ya boti. Hiyo ni kazi nyingine. Mimi nazungumzia fimbo ya kutupa, inayoinuliwa na mkono mmoja mara mamia kwa siku. Besi wa Kimarekani waliingizwa Naivasha mwaka 1929, na hadi leo wanaoongoza wageni ziwani pale wanatumia fimbo walizoachiwa, nzito nchani, na wanazisifu kwa sababu ya matundu yake. Wanatupa kutwa nzima juani. Mabega yanauma. Wanasema ni uzee.

Wengine watasema pete ndogo zinahitaji kuwa nyingi, kwa hiyo uzito unarudi pale pale. Haurudi hata kidogo. Pete moja kubwa ya miguu miwili ina uzito wa ndogo kadhaa za mguu mmoja, bila kuhesabu uzi na epoksi. Tena kuwa nyingi ni faida: fundi hupitisha mshipi, huning'iniza mzigo, huukunja ufito, kisha huzisogeza pete mpaka mshipi ufuate mpindo bila kukata kona. Ufito wote unabeba samaki, hakuna mahali pamoja panapoonewa. Kwenye fimbo ya yule kijana niliona kwa macho yangu mapengo ya shibiri mbili kati ya pete na pete. Ikipinda, mshipi utaukata ufito katikati kama kamba ya upinde.

Ninachotaka kwa watengenezaji ni kidogo. Kwenye mpini wa kila fimbo wanaandika urefu, uzito wa chambo inachobeba, ratili za mshipi, na majigambo kuhusu tani za kaboni ambayo mnunuzi hana namna ya kuyathibitisha. Waongeze mstari mmoja: jumla ya uzito wa pete zilizo katika nusu ya juu ya fimbo, pamoja na uzi na epoksi yake, kwa gramu. Mizani ya jikoni inatosha kupata namba hiyo, ufito ukipimwa kabla ya kufungwa pete hizo na baada ya epoksi kukauka. Na wauzaji, kabla ya kumwambia mteja neno lolote kuhusu tundu, waisome hiyo namba kwa sauti.