Kabla ya Kukimbilia Russia

Ukipanda matatu ya Kondele au ukisimama kidogo sokoni Kibuye, mjini Kisumu, utapewa ushauri wa bure kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali. Mwingi una ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomgharimu mgonjwa.

"Usipolipa, SHA haikutibu." Kauli hii imewaweka wengi nyumbani na homa zao. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mifuko mitatu. Mfuko wa huduma za msingi hujazwa na serikali, nao hugharamia matibabu katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba, yaani daraja la 2 na la 3. Mgonjwa anatakiwa awe amejisajili tu, na anaweza kuanza kwa *147#. Mchango wa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ni wa mfuko mwingine, ule wa kulazwa na kupasuliwa katika hospitali za juu. Basi muuza omena wa Dunga ambaye hajalipa hata ndururu ana haki ya kupimwa malaria leo. Akihitaji upasuaji, hapo bili ni yake, jambo ambalo wanasiasa hulipitia mbio jukwaani. Tena asiye na mshahara alitakiwa tangu mwanzo kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyetunga sharti hilo hajawahi kuishi kwa pesa za samaki wa siku.

"Mimi nilikuwa NHIF, niko ndani." Hapana. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024 na kila mtu akatakiwa kujisajili upya, pamoja na mwenzi na watoto.

"Zahanati hakuna daktari, utapoteza muda." Ni kweli kwamba mara nyingi utakutana na muuguzi au afisa wa kliniki. Hata madaktari bingwa wa tiba ya familia, wanaofunzwa kwa huduma kama hizi, ni wachache nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka 2005 tu. Lakini watu wa ziwani ndio wa mwisho wanaopaswa kudharau zahanati. Kwa miaka mingi, maelfu ya watu Kisumu, Siaya na Homa Bay wamechukua dawa za ARV katika vituo vidogo, wakihudumiwa na hao hao wauguzi na maafisa wa kliniki, na wamezeeka wakiona wajukuu. Anayeweza kusimamia ugonjwa wa maisha atashindwaje na presha yako? Na malaria je? Utafiti wa kitaifa wa 2020 uliikuta kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, dhidi ya 6 nchini kote. Hakuna anayeijua kama muuguzi wa huku.

"Twende Russia moja kwa moja." Russia ni hospitali ya rufaa ya Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Jomo Kenyatta aliifungua Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na maiti; leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, aliyezozana naye hadharani siku hiyo. Historia nzito, foleni nzito zaidi. Mfuko wa huduma za msingi haufiki huko. Isipokuwa ni dharura, anza chini upewe barua ya rufaa.

"Bango la SHA liko mlangoni, ingia tu." Bango halina tarehe. Februari 2025 chama cha hospitali binafsi, RUPHA, kilitangaza kusitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, na bango haliwezi kukuambia hilo. Kabla hujafunguliwa faili, uliza mapokezi mambo mawili: mkataba wenu na SHA uko hai, na ninyi ni daraja la ngapi? Kliniki binafsi ya daraja la 2 au la 3 yenye mkataba inafaa sawa na ya serikali. Wakijiuma midomo, toka.

"Utaandikiwa dawa ukanunue duka la nje." Hili sina la kulipinga. Hutokea. Ukiandikiwa, omba kwanza uelezwe ni ipi kati ya dawa hizo ambayo lazima uianze leo, halafu uliza kituo jirani chenye mkataba kama wanayo, kabla hujatoa pesa mfukoni.