Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Kwa miaka mingi mtaa wa Heyvaert hapa Anderlecht umepeleka magari ya mitumba Afrika. Gari kuukuu tunalithamini, kompyuta kuukuu tunaitupa! Eti kwa sababu Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Jamani, tusikubali kirahisi hivyo. Nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, tenga angalau GB 25, kisha weka Ubuntu pembeni ya Windows. Ukiwasha mashine, unachagua mfumo. Programu za masomo zinazodai Windows zibaki huko. Mambo ya intaneti yafanyie Ubuntu, ambayo bado inarekebishwa kiusalama, tena bure. Pesa ya kompyuta mpya? Tuma nyumbani, ada za wadogo zetu zinasubiri.