Rangi za Nyota: Jicho la Mtoto na Picha ya Kitabu

Yapo masomo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyaogopa kwa kudhani kwamba hayafundishiki pasipo vifaa vya gharama. Elimu ya nyota ni mojawapo. Lakini mwalimu atakayepangiwa shule ya Karagwe, au ya Kyerwa iliyokuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012, atakuta kifaa kikubwa kinamngoja: anga la kijijini lenye giza. Kwa maoni yangu, hatari iliyopo si uchache wa vifaa. Hatari ni kumzoesha mtoto kuamini picha kuliko macho yake.

Tuanze na yale ayaonayo mtoto. Mwezi Februari, yapata saa 3 usiku, kundi la Jabari huwa karibu na utosi. Humo mna nyota mbili kubwa. Ibuti la Jauza, ambayo vitabu vingi huiita Betelgeuse, ina wekundu. Rijili, yaani Rigel, ni nyeupe yenye kuelekea buluu. Tofauti hii hutokana na joto. Uso wa ile ya kwanza una joto la nyuzi zaidi ya 3,000 za sentigredi. Wa Jua letu yapata 5,500. Na wa Rijili zaidi ya 11,000. Mtoto wa Karagwe, nchi ambayo watawala wake wa Bweranyange walisifika kwa hazina yao ya vitu vya chuma, hashindwi kulielewa jambo hili. Chuma katika tanuri la mhunzi huwa chekundu kwanza, kisha cha manjano, na kikizidi kupata moto hukaribia weupe. Basi rangi ya nyota ni habari ya kweli kuhusu nyota hiyo.

Kati ya zile nyota tatu za mstari na Rijili, mna ukungu hafifu. Hiyo ni nebula, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi. Kwa macho matupu huonekana ya kijivu. Lakini mtoto akifungua kitabu au simu, hukuta nebula za dhahabu na samawati. Atauliza: ni kipi kilicho kweli?

Hapana budi mwalimu awe na jibu. Picha mashuhuri ya Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, ilipigwa kupitia vichujio vinavyopitisha ukanda mwembamba tu wa nuru: mmoja wa hidrojeni, mmoja wa oksijeni, na mmoja wa salfa. Nuru ya hidrojeni na ile ya salfa zote mbili ni nyekundu. Ili zitofautishwe, salfa ilipewa rangi nyekundu, hidrojeni kijani, na oksijeni buluu. Huo si udanganyifu. Ni kama ramani ya jiografia inayopaka kila wilaya rangi yake ili mipaka ionekane.

Tatizo huzipata nyota. Gesi hutoa nuru ya rangi chache tu, bali nyota hutoa rangi zote. Kwa kuwa hidrojeni ndiyo yenye nguvu, mpiga picha huiongeza nguvu salfa na oksijeni ili zote zilingane. Kwa kufanya hivyo huziongezea nyota wekundu na ubuluu kupita kiasi, nazo hugeuka zambarau. Nyota ya zambarau haipo mbinguni. Ndiyo maana wapigaji picha waangalifu huziondoa nyota hizo, wakazipiga upya kwa vichujio vya kawaida vya nyekundu, kijani na buluu, kisha wakazirudisha zikiwa na rangi zake.

Darasani, jambo hili lahitaji karatasi ang'avu nyekundu ya kufungia peremende. Watoto watazame kupitia kwayo buni iliyoiva na jani la mgomba. Buni itang'aa, jani litakuwa jeusi. Waulizwe: je, jani limebadilika, au ni nuru iliyozuiwa? Baada ya hapo waonyeshwe picha ya nebula.

Wako watakaosema kwamba maelezo haya yatawachanganya watoto na kuwaondolea mshangao. Sikubaliani nao. Mtoto aliyeambiwa kwamba picha ndiyo mbingu, siku atakapoona ukungu wa kijivu, ataacha kukiamini kitabu, au vibaya zaidi, ataacha kuyaamini macho yake. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi kwa kukariri picha.

Basi, mwalimu mtarajiwa, uwapeleke watoto chini ya anga kabla hujawafungulia kitabu. Na kila uonyeshapo picha, wazoeshe kuuliza maswali mawili: rangi hii imetoka wapi, na nani aliyeichagua?