MASHINE YA MAJINA IKIGOMA KUAMKA

Askari aliye zamu kwenye kizuizi cha barabara ya Palma na Mocímboa da Praia hutazama mambo mawili: uso wa mtu na karatasi yake. Nyuma ya karatasi ile liko jambo la tatu asiloliona, yaani mashine iliyo katika ofisi ya mbali, yenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za vitambulisho. Mashine hiyo huitwa seva, na orodha iliyomo huitwa kanzidata. Ikigoma kuamka asubuhi, aghalabu anayeadhibiwa ni mwananchi aliyesimama juani, asiyejua hata ilipo.

Katika pwani hii jambo hilo si dogo hata kidogo. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Machi 2020, ikatekwa Agosti mwaka huohuo, na haikukombolewa hadi tarehe 8 Agosti 2021. Palma nayo ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia kwa mashua na kwa miguu, wengi wao bila cheti wala kitambulisho, hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likashirikiana na Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji kuwasaidia kupata hati upya. Mtu wa namna hiyo, rekodi ndiyo shahidi wake. Ikifutwa kwa pupa ya fundi, atakuwa amepoteza jina lake mara ya pili.

Chanzo cha maradhi mara nyingi ni umeme. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, na kituo cha umeme cha Awasse kiliposhambuliwa mwaka 2020, wilaya za kaskazini zilikaa gizani muda mrefu. Umeme ukikatika ghafla, mashine huzimika kalamu ikiwa mkononi. Lakini kanzidata iliyoundwa vyema huutarajia msiba huo: kabla ya kuandika katika kitabu kikuu, huandika kwanza katika daftari la awali, na inapoamka hulisoma na kukamilisha yaliyokatizwa. Kazi hiyo yaweza kuchukua dakika nyingi. Asiye na subira huizima tena, akazidisha taabu.

Kila polisi anakijua kitabu cha matukio. Mashine nayo inacho. Ikigoma, mistari ya mwisho ya kitabu hicho aghalabu hueleza sababu: diski imejaa, faili zimebadilishwa mwenyewe na programu haina tena ruhusa ya kuzisoma, programu nyingine imekalia mlango wake, au mtu amekosea herufi moja katika maagizo. Ni ajabu kwamba watu wanaofundishwa kutomhukumu mshukiwa kabla ya kusoma jalada huihukumu mashine bila kusoma lolote.

Hatari kubwa kupita zote ni kufuta. Diski ikijaa, fundi mwenye haraka hutafuta cha kutupa. PostgreSQL, programu ya kanzidata itolewayo bure na kutumika duniani kote, iliwahi kuliweka lile daftari la awali katika folda iitwayo pg_xlog. Jina hilo liliwadanganya baadhi ya mafundi wakadhani ni kumbukumbu za kawaida. Wakazifuta kupata nafasi, na kanzidata ikaharibika. Mwaka 2017, katika toleo la 10, waundaji walibadili jina likawa pg_wal.

Kadhalika kuna faili ndogo ya zamu, inayotangaza kwamba programu tayari iko kazini. Baada ya umeme kukatika yaweza kubaki ingawa mwenye zamu hayupo. Hapana budi kuhakikisha kwanza kwamba kweli hayupo. Wakiingizwa wawili katika lindo moja, kila mmoja akiandika kitabu kilekile, kitabu kitavurugika.

Nionavyo mimi, lawama haimwangukii fundi peke yake. Mkubwa anayeamuru mashine iwe imewaka kabla ya saa mbili ndiye anayemsukuma kufuta. Amri iliyo bora ni nyingine: faili zote zinakiliwe kwanza kama zilivyo, kisha ndipo matengenezo yaanze. Na nakala ya akiba isikae chumba kimoja na mashine, kwani moto uliounguza ofisi za serikali Mocímboa haukuchagua kabati. Ikae Pemba au mbali zaidi, na mara kwa mara ifunguliwe katika mashine nyingine ili kuona kama inasomeka. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni kama bunduki isiyowahi kupigwa risasi. Hakuna askari angeenda nayo doria.

Wakati fundi akifanya kazi yake, kizuizini pale patosha daftari la karatasi na kalamu. Jina, kijiji atokako, jina la mzee wa kijiji anayemfahamu, saa aliyopita. Mashine ikiamka, karani atayaingiza.